Barua Isiyo na Mwenyewe

1

Kampuni ilitangaza ruhusa ya siku tatu, nasi tukafurahi kama watoto.

Tangazo lilitoka kwenye spika za bandani Jumanne, saa mbili asubuhi. Kila anayetaka kwenda kwao aandike ombi kwenye kishikwambi, kwa maneno yake mwenyewe, bila kusaidiwa. Tangu watuvalishe mikono ya Kampuni, mgodi wetu wa Lupondo wa kinywe, yale madini meusi ya penseli, haukuwahi kumpa mtu ruhusa, hata ya kuzika. Watu wakapiga vigelegele. Fulgensi, niliyekaa naye meza moja ya kuchambua mawe, alikata kiuno katikati ya banda huku mkono wake wa Kampuni ukining'inia kama gogo.

"Kiranja, niandikie na mimi," akaniambia. Aliniita hivyo tangu shule ya msingi.

"Wamesema kila mtu aandike mwenyewe."

"Nichungulie basi. Nitabadilisha jina tu."

"Kama ulivyobadilisha siku ile?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Siku ile, darasa la sita, alinakili barua yangu ya kuomba ruhusa yote, mpaka pale nilipomalizia "ni mimi binti yako mtiifu". Mwalimu Deokari alimwita Binti hadi tukamaliza la saba.

Nikaandika ombi langu haraka, watu wengine walikuwa wanasubiri kishikwambi. Vidole viliandika kabla akili haijafika. Nilipokwisha kubonyeza kutuma ndipo nikakitazama kichwa cha barua.

YAH: KUHUSU OMBI LA RUHUSA ======

Mtu mwingine huandika "Yah: Ombi la ruhusa" akaendelea na mambo yake. Mwalimu Deokari wa Shule ya Msingi Ndololo ndiye aliyetufundisha kwamba "Yah" peke yake ni uvivu, lazima uongeze "kuhusu", na kwamba kichwa kipigiwe mistari miwili kwa rula. Asiyepiga alichapwa viboko viwili, kimoja kwa kila mstari. Kwenye simu hakuna rula, kwa hiyo sisi wa Ndololo tunaweka alama za sawasawa. Hatufikirii. Inatoka tu, kama chafya.

Siku kumi na moja kabla ya hapo nilikuwa nimetuma barua nyingine, isiyo na jina, kwa Mkaguzi wa Kazi mkoani. Nayo ilikuwa na kichwa chake:

YAH: KUHUSU KIFO CHA LIBORI KWA MKONO WA KAMPUNI ======

"Mbona umepoa?" Fulgensi akaniuliza.

"Umeshatuma lako?"

"Zamani! Na mistari yangu miwili nimeweka, asije Mwalimu akafufuka."

Nikamtazama. Alikuwa na vumbi la kinywe kwenye kope, anang'aa.

2

Libori nilimwona akifa. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nimeshika jiwe.

Mkono wa Kampuni unavaliwa juu ya mkono wako wa kulia, kutoka begani hadi kwenye ncha za vidole. Ni mweusi, umefumwa kwa nyuzi za hicho hicho kinywe tunachochimba, na ukiuvaa unanyanyua magunia matatu kama unanyanyua mto. Begani una kufuli, na ufunguo hatukuuona tena tangu siku ya kusaini mkataba. Tunalala nao. Tunaoga nao. Mapadri walipokuja Pasaka tulifanya nao ishara ya msalaba.

Mikono yote ina rimoti moja. Ilitengenezwa kwa ajili ya usalama: jiwe likiporomoka, msimamizi anabonyeza, mikono yote inasimama papo hapo asije mtu akavunja mwenzake. Afande Chogo, mkuu wa walinzi, ndiye aliyegundua kwamba kinachoweza kusimamishwa kinaweza pia kutumwa.

Libori alikataa kushuka kwenye shimo lenye maji. Hakutukana, alisema tu, "Leo sishuki, Afande." Chogo alikuwa amesimama kivulini, mkono mfukoni, na nilikiona kidole chake kikibonyeza. Mkono wa Libori ukapanda taratibu, ukaishika shingo ya Libori. Kwanza alishangaa. Aliutazama kama mtu anayetazama mdudu. Kisha akauvuta kwa ule wa kushoto, akapiga magoti, akajigonga ukutani. Shingo ililia kama muwa unapovunjwa gotini. Wakambeba wakamtupa shimo la tope namba nne, na kwao wakapeleka habari kwamba ametoroka na mke wa mtu.

Ndiyo maana nikaenda gulioni kwenye kibanda cha Pazia, wanaotuma barua za siri. Dada aliyekaa pale alikuwa mchangamfu.

"Barua hii hata sisi wenyewe hatuioni, mdogo wangu. Ukiandika inafungwa hapo hapo, na ufunguo ni neno lako la siri. Jina hatuulizi, namba hatuulizi."

"Hakuna kabisa mnachokiona?"

"Mwili wa barua? Hata nukta."

Nilisikia "mwili" nikadhani amesema yote. Mimi ni mtu wa kusikiliza, lakini pale lilinipita. Pazia inaficha mwili. Kichwa, saa ya kutuma na jina la anayetumiwa vinabaki nje, kama maandishi juu ya bahasha. Nami kifo chote nilikuwa nimekiweka kwenye kichwa, kwa sababu Mwalimu alisema kichwa kibebe jambo zima, msomaji asihangaike.

Kampuni walikwenda mahakamani kusema kuna mtu anawatishia. Wakapewa karatasi yenye muhuri. Pazia walipoletewa ile karatasi, walitoa walichokuwa nacho: mstari mmoja, saa, na jina la Mkaguzi. Hawakuwa wamenidanganya. Ile ruhusa ya siku tatu ilikuwa mtego wa kumtafuta aliyeandika mstari huo.

Jumapili, siku mbili kabla ya tangazo la ruhusa, nilirudi kibandani kuangalia. Mkaguzi alikuwa amejibu. "Tutafika Alhamisi saa nne asubuhi na askari. Tutaanza shimo namba nne. Usijitaje kwa mtu yeyote kabla hatujaingia getini."

3

Jumatano saa tatu tuliitwa watu wanne kwenye banda la kusagia: mimi, Fulgensi, Oresta wa jikoni, na mzee wetu Anzigari wa kwenye kinu. Wote wa Ndololo. Mashine zilikuwa zimezimwa.

"Hivi likizo ndiyo inaanzia huku?" Fulgensi akanong'ona.

Mbele yetu alikaa mwanamke wa makamo, nadhifu, kishikwambi mapajani. Tulimjua kwa jina tu, Madam Leontina wa makao makuu. Afande Chogo alisimama nyuma yake, mkono mfukoni.

"Maombi yenu ni mazuri," Madam akasema. "Watu mia mbili na tisa wameandika, na wanne ndio wameniwekea mistari chini ya kichwa. Nani aliwafundisha?"

"Mwalimu Deokari," Oresta akajibu. "Kuandika barua vizuri nako ni kosa, Madam?"

"Si kosa. Mmoja wenu ameandika barua vizuri sana." Akatugeuzia kishikwambi, tukasoma. Oresta akajishika mdomo. Mzee Anzigari alisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akatazama chini. "Hiki ndicho kichwa. Kilichomo ndani sikijui, na sitakijua mpaka mwenyewe afungue. Kwa hiyo mwenye barua ataifungua hapa, mbele yangu. Nikishaona alichosema na alichojibiwa, ataandika nyingine, aseme alidanganya, Libori yuko hai. Basi. Kila mtu arudi kazini."

Nikaelewa papo hapo. Akifungua ataona Alhamisi, ataona namba nne. Mpaka jioni tope litakuwa limechimbwa na Libori amehamishwa, na Mkaguzi atakutana na barua ya pili getini. Mikono itabaki begani mwetu. Ilikuwa Jumatano saa tatu na robo. Nilitakiwa kunyamaza mpaka kesho saa nne.

"Hakuna?" Madam akauliza. Akainamia kishikwambi chake kama mtu anayesoma habari.

Kitambaa cha mfuko wa Chogo kilisogea. Nilikiona. Kidole gumba kilibonyeza mara mbili.

Mkono wa Mzee Anzigari ukaruka ukaukamata mkono wa kushoto wa Oresta. Mzee alipiga kelele kabla ya Oresta. "Mwanangu, si mimi! Mwanangu, si mimi!" Vidole vikavunjika kimoja kimoja, nasi tukavisikia. Oresta aliita majina ya watakatifu wote anaowajua, kisha akaanza kulitaja jina la marehemu mama yake, kisha akaanguka.

"Mimi sijui kitu," Mzee Anzigari alikuwa analia. "Afande, mimi nina miaka hamsini na nane, barua niandike ya nini?"

"Nakuamini, mzee," Chogo akasema kwa upole. "Kaa pembeni." Akanitazama mimi, akamtazama Fulgensi. "Hawa watoto wanakaa meza moja, eti?"

Akatusimamisha uso kwa uso.

Nilijua zamu ya mkono wangu imefika, nikakaza bega. Kukaza hakusaidii chochote. Mkono wangu ulimpiga Fulgensi shavuni, akapepesuka, jino likatoka na damu.

"Aisee, Kiranja," akasema, akijaribu kutabasamu. "Wewe unachapa kuliko Mwalimu."

Ukampiga tena, mara hii mbavuni, nikahisi kitu ndani yake kikikatika. Hilo ndilo ambalo watu wasiovaa mikono hawalijui: inahisi. Nyuzi zile zinakuletea kila kitu, joto la ngozi na utelezi wa damu, kama ni ngozi yako. Nikaushika kwa mkono wangu wa kushoto niuzuie. Uliendelea na safari yake, ukavunja kifundo changu kama kijiti. Fulgensi akaenda chini.

"Andika neno la siri," Chogo akasema, hakumlenga yeyote. "Kishikwambi hiki hapa. Mkono utasimama."

Fulgensi alikuwa ameegemea kinu. Jicho moja lilikuwa limefunga. Lile jingine lilikuwa linanitazama, na nikaona linavyofikia jibu. Alinijua tangu utoto. Alijua nani angeandika barua kwa sababu ya Libori, na nani angeipigia mistari.

"Gau," akanong'ona, kwa sauti ya kunifikia mimi tu. Hakuniita Kiranja. "Kama ni wewe, sema."

Nikanyamaza.

Mkono ukashuka begani kwake, mfupa ukatoka nje ya fulana.

"Gau. Nakuomba," akanong'ona tena.

Nimesikia watu wakisema mtu akinyamaza namna ile huwa amepoteza fahamu, au amechanganyikiwa. Mimi nilikuwa nafahamu. Niliwaza watu mia mbili na tisa na mabega yao. Nikawaza pia kwamba nikisema tu "ni mimi", mkono utasimama hewani, na Fulgensi atapelekwa hospitali, atapona, ataoa. Vyote viwili niliviona sawasawa, kama vitu viwili juu ya meza. Nikachagua kimoja. Kisha nikatazama mfuko wa Chogo, nikaendelea kuutazama, kwa sababu mtu fulani ilibidi aone.

Ulimpiga mara nne zaidi. Ya mwisho ilikuwa kifuani, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko zote.

Madam Leontina akainua uso. "Nilisema polepole, Afande."

"Labda ndiye mwenyewe. Angekuwa anamjua mwingine, si angemtaja?"

Madam akafikiri. Akafuta tone la damu kwenye kioo cha kishikwambi kwa leso. "Kama ni yeye, neno la siri limekwenda naye, na sanduku halifunguki tena milele. Kwangu ni sawa." Akasimama. "Andikeni kwamba aliyeandika ni yeye, na hawa wawili wakagombana. Mambo ya vijana."

Hivyo barua yangu ikapata mwenyewe.

4

Alhamisi saa nne na dakika tano gari tatu za serikali ziliingia getini. Mkaguzi alikuwa mama mfupi wa sauti kavu, Bi Tekla, na hakusalimia mtu kabla hajaonyeshwa shimo namba nne. Walichimba mpaka adhuhuri. Libori alitoka na tope lake, na mkono wake bado umeing'ang'ania shingo.

"Si mnaona?" Afande Chogo akasema. "Amejinyonga. Mkono wake mwenyewe."

Wakaifungua rimoti. Mtaalamu wa serikali akasoma, akasoma tena. Kila amri ilikuwa imeandikwa, siku na saa, ya Libori na ya jana. Mahali pa jina la aliyebonyeza palikuwa peupe. Rimoti haiulizi jina. Yeyote kati ya walinzi thelathini angeweza kuishika.

"Na aliyeandika barua?" Bi Tekla akauliza.

"Amefariki jana, masikini," Madam Leontina akajibu. "Fulgensi. Ugomvi na mfanyakazi mwenzake."

Bi Tekla akafunga faili, akatugeukia sisi uwanjani. Askari walikuwa wanazunguka na ufunguo, wanafungua mikono, na watu walikuwa wanajitazama mabega kama wageni. "Mikono hii hairudi, hilo nawahakikishia. Lakini barua isiyo na mwenyewe haisimami mahakamani, na rimoti isiyo na jina haimfungi mtu. Nahitaji mtu aliyeona, aseme kwa jina lake. Yupo?"

Watu mia mbili, na hakuna aliyekohoa. Mzee Anzigari alikuwa anaitazama miguu yake. Oresta alinitazama, mkono wake umefungwa kanga, akatazama kando. Chogo alikuwa amesimama karibu na gari, hana wasiwasi.

Mama yake Fulgensi alikuwa amefika asubuhi hiyo kwa pikipiki kutoka Ndololo kuchukua mwili. Alikaa kwenye benchi karibu na meza ya Mkaguzi, mgongo umenyooka. Walikuwa wamemwambia habari za barua. Alikuwa akimwambia kila anayempa pole, "Mwanangu ndiye aliyeandika, ndiye aliyewaleta hawa," na sauti yake ilikuwa imeshikilia hapo kama mtu aliyeshika nguzo kwenye mafuriko.

Ningeweza kumwachia. Mkono wangu ulikuwa wa Kampuni, hakuna ambaye angenilaumu. Barua haikuwa na jina langu. Fulgensi angezikwa shujaa, nami ningekwenda zangu, na Afande Chogo naye angekwenda zake.

Nikaenda mpaka kwenye benchi nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Gaudensia. Umeona mwenzako alivyofanya?"

"Mama, Fulgensi hakuandika ile barua. Niliandika mimi."

Bi Tekla akaacha kalamu. Mama alinitazama kama anayengoja nimalizie maneno.

"Si wewe waliyekupiganisha naye?"

"Ndiyo, mama. Mkono uliompiga ni huu. Aliyeubonyeza ni Afande Chogo, rimoti ilikuwa mfuko wa kulia, nilikiona kidole chake kila mara. Na siku ya Libori nilikiona." Chogo akaanza kusema kitu, askari mmoja akamshika kiwiko. "Wangesimama kama ningesema ni mimi. Sikusema."

"Fulgensi alijua ni wewe?"

"Mwishoni alijua."

"Akakutaja?"

"Hapana, mama."

Niliona anaogopa swali lake mwenyewe, na analisogelea hata hivyo.

"Alikuomba useme?"

"Aliniomba."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Akafumba macho. Hakulia, hakunipiga, ingawa nilikuwa nimeshusha uso karibu na magoti yake ili awe na nafasi. Nilisikia pumzi yake ikiingia na kutoka. Aliponyanyua kichwa alimtazama Bi Tekla, si mimi.

"Andika na hilo, mama," akamwambia. "Kwamba aliomba mara mbili, na huyu akanyamaza. Usiliruke ukaandika mazuri tu."

"Naandika," Bi Tekla akasema.

Aliandika kurasa tatu. Aliniuliza jina kamili, jina la baba, kijiji, kabila, dini, elimu, vyote nikavitaja kwa sauti, na kila nilichokitaja Chogo alikisikia na Madam Leontina alikisikia. Kisha akanisogezea karatasi niweke sahihi. Mkono wa kulia ulikuwa umetoka kwenye kufuli nusu saa tu iliyopita, mweupe na mwembamba kama wa mgonjwa, hauna nguvu ya kukaza kalamu. Wa kushoto ulikuwa umevimba, umefungwa kwa vijiti. Karatasi ikawa inateleza mezani kila nilipojaribu.

Mama yake Fulgensi akanyanyuka kutoka kwenye benchi. Akaweka kiganja chake juu ya karatasi, akaikandamiza mezani, akageuza uso upande mwingine. Aliishika hivyo mpaka nikamaliza herufi ya mwisho.